Gari Yetu Inalia Nyuma

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Gari imerudi! Siku tisa kwenye foleni ya esansi, petroli isiyopatikana tena, mvua juu yake, jua juu yake, na jana jioni bwana wangu Rénovat akaiingiza uani ikiwa na lita kumi tumboni. Nikapiga vigelegele. Rénovat akaniomba nipunguze sauti, ati majirani wakijua kuna esansi hapa, kesho wote watakuwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali.

Lita kumi zinatosha kupanda Bugarama kwa mama yangu na kurudi. Mshale wa esansi ulikufa kabla sijaolewa, kwa hiyo bwana wangu anahesabu kwa kichwa, na amehesabu: zinatosha. Tunakwenda Jumapili. Nimeshampigia mama. Mguu wake haumruhusu tena kushuka mjini, na Orpha ana miezi kumi na tatu, na mama hajamshika hata dakika moja. Kwanza mtoto alikuwa mchanga, halafu esansi ikapotea, halafu mabasi nayo yakapotea. Anamjua kwa simu tu. Wiki iliyopita nilimsikia akibusu simu. Nikazima haraka nisije nikalia.

Tatizo moja dogo. Gari inalia.

Ukikanyaga breki: kwiiiii! Usipokanyaga: kwii, kwii, polepole, kama mtu anayejilalamikia peke yake. Sauti inatoka nyuma. Leo asubuhi Rénovat amepanda nayo mpaka kona ya juu, ameshuka na uso mrefu. Ati magurudumu ya nyuma yananuka moto. Ati kushuka kutoka Bugarama ni kona juu ya kona, na yeye hampakii mtoto wake kwenye gari yenye breki za namna hiyo. Amenipa mpaka Jumamosi jioni. Ikipona, tunakwenda nayo. Isipopona, tunaomba nafasi kwa Danielle.

Kwa Danielle! Dada yangu mkubwa, wa Kiriri kwa matajiri, mwenye jeep. Watoto wake watatu wote mama aliwapokea wakiwa wabichi. Anapanda Bugarama kila mwezi, na kila mwezi ananipigia kunijulisha kwamba nyuma kuna nafasi, pale karibu na mabido, yale madumu ya esansi. Siendi na mabido. Mtoto wangu ataingia kwa mama yangu kwa gari ya baba yake.

Rénovat alitaka kumwita fundi Jérémie. Nikamwambia apana, aniachie mi kwanza. Mtoto akilia hukimbilii daktari, unamsikiliza. Kwa miezi kumi na tatu nimejifunza kilio cha njaa, cha usingizi, cha tumbo na cha meno. Gari itanishinda nini? Rénovat anapenda amani. Amekubali, ametundika ufunguo kwenye msumari, ameshuka kazini kwa miguu.

Nikaanza pale pale. Kwanza homa. Nikapima gurudumu la nyuma kushoto kama ninavyompima Orpha, kwa mgongo wa mkono.

Lina homa!

(Nimepaka dawa ya meno. Lengelenge ni kubwa kama sarafu.)

Kwa kelele zangu akaja Honoré, jirani wa ng'ambo ya njia. Honoré ni dereva wa taxi. Taxi yake bado iko kwenye foleni, kwa hiyo yeye yuko kwenye benchi mbele ya nyumba yake kuanzia asubuhi. Ni mtu mkubwa sana, mwenye sauti ya chini kabisa kwenye kwaya yetu. Akaizunguka gari mara moja, akasema Mama Orpha, hii gari haiumwi, inashikwa. Ati kule kwenye foleni walikuwa wakisukuma gari za wengine watu wawili, yetu ilitaka watu sita. Ati breki ya mkono haijaachia.

Nikamfungulia mlango nimwonyeshe. Mkono wa breki uko chini, umelala kabisa. Nikamuuliza kitu kilicholala kinashika nini. Akarudi kwenye benchi lake.

Na ile ya watu sita, mi nilikuwepo. Gari yetu ni nzito kwa sababu ni imara. Za siku hizi ni makopo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku ya kusikiliza.

Mi sina permis ya udereva, Honoré anayo. Nikamwomba aiendeshe, mi nikakaa nyuma, Orpha mgongoni, sikio kwenye kiti. Tukashuka mpaka barabara kubwa, tukapanda. Tukashuka tena, tukapanda. Mara tano. Safari fupi tu, hazili kitu.

Halafu nikamwambia aiache iungurume ikiwa imesimama, nione kama homa inapanda hata gari ikikaa. Saa nzima. Haikupanda! Nimeandika hapa kwa sababu ni jambo kubwa: ikikaa haipati homa, ikitembea inapata. Honoré akasema ndiyo, kwa sababu inashikwa. Nikamwambia asiniharakishe.

Jibu nimelipata saa nane mchana. Ni meno. Maana yake, kuna kitu kigumu kimekwama ndani kinaisumbua, jiwe dogo la kule kwenye foleni, na kinataka kutoka. Kitu kilichoingia gari ikienda mbele kitatoka gari ikirudi nyuma. Mtu yeyote anaelewa hilo.

Tukarudi nyuma njia nzima ya mtaa wetu, Kinanira. Kuku walikimbia. Watoto walitufuata wakiimba. Mzee mmoja alitoka kwenye geti lake akamwambia Honoré kwamba kwa muda mrefu alikuwa hajui esansi ya nchi hii inakwenda wapi, leo amepata jibu. Honoré alitaka kujificha chini ya usukani, lakini hatoshei.

Jiwe halikutoka. Nafikiri limelegea.

Rénovat kaja jioni, kauliza gari inaendeleaje. Nikasema tuko kwenye njia nzuri. Si uongo. Tulikuwa kwenye njia, na njia ni nzuri.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Asubuhi nilikwenda kupakwa. Kwaresima hii nimeamua kufunga kiburi. Sitajivuna mbele ya Danielle siku arobaini nzima, hata akinichokoza.

Saa tatu Danielle akapiga simu kuuliza kama tutahitaji nafasi. Nikamwambia gari yetu iko vizuri kuliko siku iliyotoka kiwandani. Kuanzia kesho nafunga.

Leo nimefanya kazi ya akili. Kila anayekaanga mandazi anajua kupima sufuria: unadondosha maji kwa vidole, unasikiliza. Honoré akaizungusha gari mara tatu, akasimamisha, nikatoka na kikombe. Gurudumu la mbele kushoto: maji yanateremka tu. Mbele kulia: vile vile. Nyuma kushoto: chwaaa! Nyuma kulia: chwaa, kidogo kidogo. Nikarudia ili nisikosee. Chwaaa! Chwaa!

Basi nikakaa chini na kufikiri. Nyuma yote ni moto, kushoto zaidi. Nyuma kuna nini ambacho mbele hakuna? Watu! Na kila Jumapili tukitoka kanisani, nani anaomba lifti na anakaa nyuma, upande wa kushoto?

Honoré.

Nikamwambia kwa upole kabisa. Nikasema gurudumu limelalamika, si mi. Nikasema unene ni baraka ila una upande wake. Akasema Mama Orpha, mi ndiye nilisukuma hii gari siku tisa, leo nimekuwa ugonjwa wake. Akaweka ufunguo juu ya boneti, akavuka njia, akakaa kwenye benchi lake akinipa mgongo. Ule mgongo ulijaza benchi.

Nani ataendesha sasa? Saa sita nikampelekea sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani, na ugali. Hakugeuka. Nikampa Orpha ampelekee kijiko. Orpha anatembea hatua nne sasa, ya tano anaanguka. Ilikuwa hatua tano. Honoré akamdaka kabla hajafika chini, akacheka, akala. Mtoto wangu ni balozi.

Mchana tukajaribu gari bila uzito. Nikatoa mabido, tairi la akiba, kriki ya kuinulia gari, na kiti cha nyuma chenyewe. Tukashuka, tukapanda. Mara sita. Inalia vile vile! Nikamwambia Honoré amesamehewa. Akasema ahsante, hakujua kwamba alikuwa bado kwenye kesi.

Rénovat kafika nyumbani, kakuta kiti cha gari sebuleni na Orpha anarukaruka juu yake. Nikamwambia kinapigwa hewa. Akauliza kama gari imetembea leo. Nikasema kidogo. Akauliza kidogo gani. Nikamwambia chakula kinapoa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimepata dawa! Sijui kwa nini nilizunguka mbali.

Mlango wa jikoni ulikuwa unalia. Nikaupaka mawese yaliyobaki ya kukaangia ndagala kwenye bawaba. Ukanyamaza. Nikasimama pale na kijiko mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake.

Gari ikitoka kutembea, chuma kinakuwa na moto, na chuma chenye moto kinakunywa vizuri. Kwa hiyo nikamwambia Honoré aipeleke mpaka chini na kurudi, mara mbili tu, ipate joto. Akauliza mbona nina chupa ya mawese. Nikasema ya kupika. Akarudi, akazima, nikainama, nikamimina kijiko baada ya kijiko kwenye vitundu vya gurudumu. Vinne kushoto, vitatu kulia.

Moshi! Moshi mweupe, mnene, uliokwenda mpaka kwa jirani wa tatu. Honoré akapiga kelele niache, ati breki haipakwi mafuta hata siku moja, ati ni bahati kwamba chombo cha breki kimefungwa na mafuta yamebaki nje, yangeingia ndani tungekwenda kusimamia ziwani. Sauti ile ya chini akipiga nayo kelele, madirisha yanatetemeka. Jirani akaja na beseni la maji ya kufulia akatumwagia sote watatu, mi, Honoré na gari. Soksi ya mume wake ilibaki kwenye antena.

Lakini jioni! Rénovat akaichukua kwenda mazoezi ya kwaya, mi na Orpha nyuma. Gari ikakanyagwa breki. Sauti imeshuka! Si kwiiii tena, ni kwooo. Nikamwambia Rénovat gari imetoka sauti ya kwanza ya kwaya imefika ya pili. Rénovat akasema gari inanuka ndagala. Paka wawili walitufuata mpaka kanisani, na mmoja akabaki akilamba gurudumu mazoezi mazima. Mwalimu wa kwaya akasimamisha wimbo mara mbili akiuliza nani anakaanga wakati wa Kwaresima.

Honoré akaninong'oneza: ikiendelea kushuka hivi, kesho itakuwa kwangu kwenye besi.

Mi naona ni maendeleo.

Mama kapiga. Ati ameshafua shuka la kumlaza Orpha. Ati amemwekea viazi vidogo vidogo, vile laini, na amewaambia wanawake wote wanaouza kabichi barabarani kwamba Jumapili wasimwite, hayupo kwa mtu yeyote. Nikamwambia tutafika mama, kwa gari yetu. Akasema hata mukikuja kwa miguu, muniletee mutoto.

Sikulala mapema. Nilimwangalia Orpha anavyolala na mikono juu kama aliyekamatwa na askari. Lazima mama amwone akilala hivi, kabla hajaacha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Danielle kaja. Bila kupiga simu! Jeep yake ikasimama getini ikiwa imeoshwa, inang'aa kama sahani ya wageni. Kashuka, kambusu Orpha, kanusa, kauliza leo tunakula samaki?

Akasema mudogo wangu, nimesikia gari yenu imepona, basi nizungushe kidogo, nami nifurahi. Akaingia nyuma, akatandika kitambaa kwanza, ndipo akakaa. Ningefanya nini? Honoré akashika usukani. Nikamkonyeza aende polepole na asiguse breki. Kinanira ni mteremko mtupu. Akanikonyeza kwamba haiwezekani.

Kona ya kwanza: kwooo. Danielle akauliza ni nini. Nikasema ni ng'ombe wa jirani. Kona ya pili: kwooo, kwooo. Danielle akasema huyo ng'ombe anakimbia sana. Kona ya tatu, moshi.

Katikati ya mteremko mkubwa kuliko yote, Honoré akafanya jambo la usaliti. Akatoa gia, akainua miguu yote miwili juu, akasema Mama Orpha, angalia. Hakukanyaga kitu. Hakushika kitu. Na gari, kwenye mteremko ambao hata boga linateremka lenyewe, ikasimama. Tuli! Kama mbuzi aliyekataa.

Orpha akapiga makofi.

Honoré akasema sasa ni nani anayeishika, ni mi na unene wangu? Danielle akacheka mpaka akashika mbavu. Ati hajawahi kuona gari inayoogopa kushuka. Ati basi Jumapili saa nne atatupitia, Orpha atakaa mbele na yeye, na mi nitashika kikapu nyuma. Kikapu! Nikamwambia kuna siku nzima ya kesho. Akasema ndiyo mudogo wangu, kuna siku nzima, kwa huruma ile ya watu wenye tanki lililojaa.

Jioni nikamwambia Rénovat kwamba baada ya uchunguzi wa siku tano nimefikia uamuzi: tumwite Jérémie. Akasema ni wazo zuri. Akasema anajiuliza kwa nini hakulipata yeye Jumatatu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya wanawake. Nilivaa kitenge changu kizuri, kwa sababu leo gari itapona kwa juhudi ya mwanamke.

Jérémie kafika saa mbili na mfuko wake. Ni mtu mwembamba asiyeongea. Akagusa gurudumu, akanusa kidole, akauliza ni nani anapika hapa. Akainua nyuma kwa kriki, akashika gurudumu kwa mikono miwili, akasukuma. Halikuzunguka. Akaingia chini ya gari, akafungua kitu kimoja, akatoka, akasukuma tena kwa kidole kimoja. Likazunguka kama feni!

Waya wa breki ya mkono. Ndiyo huo. Ati umevutwa mpaka mwisho, ukaachwa hivyo siku nyingi kwenye mvua, ukaliwa na kutu ndani ya ganda lake, ukakwama. Mkono mnaulaza chini, ati waya haujui habari hiyo, unaendelea kubana. Vinavyobana ndani vinasugua mchana kutwa, vinapata moto, vinalia. Ati anaziona nyingi sasa, zote za kwenye foleni. Watu wanavuta mkono wa breki, wanakwenda kulala, mvua inafanya kazi yake.

Honoré hakusema nilisema. Alikohoa tu, lakini kwa besi.

Rénovat akauliza ni nani aliyeuvuta mpaka mwisho hivyo. Akajiangalia, halafu akaniangalia. Usiku wa foleni ulikuwa wake, mchana ulikuwa wangu, na Orpha amelala kiti cha nyuma. Kila wakisukuma hatua mbili tukasimama, nilikuwa naushika ule mkono kwa mikono yangu yote miwili, mguu kwenye dashibodi, navuta mpaka unasema krrrak na hauna pa kwenda tena. Njia imeinama! Mtoto yuko ndani! Mama gani angevuta nusu?

Nikamwambia Rénovat huenda ni mvua.

Jérémie akautoa waya, akausafisha, akaupaka mafuta yake mwenyewe (yeye anaruhusiwa!), akavisugua kwa msasa vile vipande vya ndani vilivyokuwa vinang'aa kama kioo. Akasema gari isilazwe tena na mkono umevutwa siku nyingi, iwekwe gia na jiwe nyuma ya tairi. Saa kumi akashusha kriki. Rénovat akaizungusha uani. Mbele, breki. Nyuma, breki.

Kimya.

Kimya kizuri kama mtoto aliyelala! Nilikumbatia boneti. Nilimpigia mama hapo hapo, nikamwambia mama, gari haina sauti kabisa. Nilimpigia na Danielle, nikamwambia asipite kwetu kesho, na kikapu akishike mwenyewe. (Kiburi nitakifunga Jumatatu.) Tukapakia: shuka, nguo za Orpha, chumvi na sabuni za mama. Rénovat akasema twende mpaka barabara kubwa tujaribu breki vizuri kwenye mteremko. Tukashuka kama malaika. Rénovat alicheka. Tukageuza kupanda.

Kona ya pili, gari ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Rénovat akafungua kifuniko cha tanki, akaingiza ufito wa fagio mpaka chini. Akautoa. Mkavu. Kama umetoka dukani.

Akasimama na ule ufito. Akasema haiwezekani, lita kumi. Na Honoré, ambaye alishuka kutusukuma, ambaye Mungu hakumpa hata uongo mmoja, akaanza kuhesabu kwa vidole: Jumanne mara tano, na ile saa nzima imesimama, na kurudi nyuma njia nzima, Jumatano mara tatu, na mara sita bila kiti, Alhamisi mbili, na kwaya, jana na dada wa Kiriri. Vidole vikamwisha. Akaongeza kwamba gari inayoshikwa inakunywa mara mbili, ati kila dereva anajua.

Rénovat hakunipigia kelele. Ndicho kibaya kwake. Aliuliza tu foleni imefika wapi. Honoré akasema labda Alhamisi.

Walisukuma gari mpaka nyumbani, wao wawili tu. Ilikwenda yenyewe kabisa, nyepesi kama baiskeli. Nikafuata nyuma na ufito wa fagio.

Usiku, nimempigia Danielle. Niliandika kwanza maneno kwenye karatasi ili nisikosee. Nikamwambia dada, nimefikiria, ni vizuri familia isafiri pamoja. Akasema kikapu kinaningoja.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimefika Bugarama. Na kikapu.

Jeep ilipanda bila neno. Danielle alitaka Orpha akae mbele kama alivyopanga, lakini Orpha alishika blauzi yangu kwa ngumi mbili, akalia kilio cha nne, kile cha meno, na Danielle mwenyewe akamrudisha nyuma kwangu. Huku juu kuna ukungu na baridi. Wanawake wa kabichi walikuwa wamejipanga barabarani. Walipoona mtoto wakaanza kumwita mama kwa jina lake, Béatrice! Béatrice! Amefika!

Mama alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkono mmoja. Danielle akashuka haraka, akanyoosha mikono amchukue Orpha ampeleke. Nikampa kikapu. Nikatembea mwenyewe na mtoto wangu mpaka mlangoni, nikamwekea mama mikononi.

Mama akaangusha fimbo. Akamnusa kichwani, kwa muda mrefu, akiwa amefumba macho. Nikaweka mikono yangu chini ya yake, tukamshika sote wawili. Akasema ni muzito! Ati mulikuwa munanipa picha tu, picha haina uzito. Orpha akamwangalia, akamshika pua, akamkojolea kitenge. Mama akasema hiyo ndiyo salamu aliyokuwa anaingoja, nyingine zote ni za simu.

Nilikuwa nalia. Nikasema ni baridi.

Mchana Orpha alilala kwenye lile shuka, mikono juu. Mama alivuta kiti, akakaa kumwangalia, hakutaka hata kula. Aliniuliza tumefikaje. Nikaanza kumweleza gari yetu, waya, kutu, foleni. Akaweka kidole mdomoni, ati nitamwamsha.

Rénovat alinishika bega. Nafikiri amenisamehe. Ama alikuwa anasikia baridi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Lazima niandike hili kabla sijasahau, ni muhimu.

Jana wakati wa kushuka, jeep ya Danielle ilianza kusema tik, tik, tik, mbele upande wa kulia. Wote walikuwa wanaongea, hakuna aliyesikia. Mi nilisikia. Nimezoea sasa, sikio langu si la mtu wa kawaida tena. Nilinyamaza kwa sababu ya Kwaresima. Leo asubuhi Danielle mwenyewe kapiga, sauti yake ya majivuno imepungua. Ati jeep inasema tik, mume wake yuko safarini, na anaogopa kuipeleka garaje wamdanganye kwa sababu ni mwanamke. Ati mi si nilikaa na gari yangu wiki nzima na ikapona?

Nikamwambia ndiyo, dada. Ilipona.

Nikamuuliza maswali machache, kama fundi. Ilianza lini? Kushuka. Ilikuwa imekaa wapi kabla? Nje, kwa mama, muda wa saa tano, kwenye ukungu. Basi! Nikamwambia asimwite mtu, nimeshajua. Gari ya Kiriri haijazoea. Imeingiwa na baridi ya Bugarama kifuani, na kitu kilichoingiwa na baridi kinatibiwa kwa joto tu.

Ataileta Jumatano. Nimemwambia Honoré ajiandae. Ameingia ndani na kufunga mlango, nadhani amekwenda kutafuta permis. Rénovat nitamwambia ikishapona. Nimeshaazima mbabula ya jirani, lile jiko lake kubwa, na nusu gunia la makaa, tutaisukuma chini ya jeep ikiwaka vizuri, na blanketi mbili juu ili joto lisitoke.

Na safari hii hatutaaibika kwa esansi. Danielle kaniapia kwamba tanki lake limejaa mpaka juu.